Kura Kumi na Moja

Baba alikuwa mgawa maji ya falaji, kule Ibra.
Alichomeka kijiti uani, akasoma kivuli,
akajua nani afungue lango la shamba lake
na nani asubiri mpaka kivuli kiguse jiwe la pili.
Mimi nilirithi kijiti
nikakipeleka kwenye kura.

Msimu wa Shura nilitembea na daftari la jalada la kijani.
Sikuandika watu. Niliandika nyumba.
Nyumba ya Bi Zuwena bint Sleyum: kumi na moja,
ufunguo ni mwanawe wa tatu, aliyekosana na ami yake.
Nyumba ya wauza majani ya ng'ombe: tisa, huyumba.
Nyumba ya nyuma ya ngome: saba, hao si wetu;
ingia, amkia, kunywa kahawa,
tikisa kikombe, toka.

Mgombea wangu, Ghasani bin Thuwaini,
alikuwa mtu mwema asiyejua kuomba.
Nikamfundisha: sablani kaa chini kabisa, karibu na viatu,
waache wenyewe wakuvute juu.
Nikampa Kiarabu cha barazani na Kiswahili cha jikoni,
maana nyumba zile zilizorudi kutoka Unguja
hugombana kwa Kiarabu
na kusameheana kwa Kiswahili.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe
hesabu ikapungua arobaini.
Usiku ule niliandika mstari mmoja:
*Daraja la bonde letu, kabla ya mvua ya pili.*
Sikumuuliza mhandisi. Nilihesabu mizani,
nane kwa nane, zikakaa.
Asubuhi watoto walikuwa wakiuimba njiani kwenda shule.

Tulishinda kwa ishirini na sita.

Kisha Maskati, ofisi ya Al-Khuwair, ghorofa ya nne,
kiyoyozi kinachokohoa kama mzee wa hesabu.
Kampeni ina msimu; serikali ina faili.
Nilijifunza lugha yake upya:
*limepokelewa*, yaani bado linapumua;
*linachunguzwa*, yaani limelala;
*litazingatiwa*,
hapo lisomee Fatiha.

Daraja lilinifikia mezani siku ya Jumatatu,
lina muhuri wa Ibra na alama ya kikombe.
Nikalijibu kwa mkono ule ule uliolizaa.
Ghasani akatia saini bila miwani.
"Maneno mazuri," akasema. Yalikuwa mazuri.

Mvua ya pili ikaja. Ya tatu. Ya tano nikaiona kwenye simu,
gari limepinduka, watu salama, alhamdulillahi,
nikaandika taarifa ya pole, mistari minne.

Ya saba ilinikuta mwenyewe, nakwenda hitima ya baba.
Bonde limejaa, maji rangi ya chai ya maziwa,
magari yamepanga foleni kama wapiga kura.
Mbele yangu pikapu nyeupe. Kioo kikashuka.
Bi Zuwena, na sinia la vitumbua mapajani.

"Wewe si mtoto wa mgawa maji?"
"Ndimi."
"Ndiye uliyeandika daraja?"
Nilikuwa na majibu, Mungu anajua, nina kabati zima la majibu.
"Ndimi."
Akayatazama maji, akavitazama vitumbua vyake.
"Basi liandike tena, baba, nipite."

Nikashuka. Kwa mazoea tu nikaokota kijiti,
nikakichomeka kwenye mchanga wa ukingoni.
Wingu tupu. Hakikutoa kivuli.

Tulikaa hapo hadi alasiri, hitima ikasomwa bila sisi.
Akanipa kitumbua dirishani, kimeshapoa,
na nilipokuwa natafuna akasema, kama mtu anayekumbuka deni dogo:
"Halafu nyumba yangu ilikupeni tisa.
Mbili nilizizuia, yangu na ya binti yangu.
Tulitaka kwanza tulione."